Gramu Sitini

Nimebeba serikali mapajani:
sanduku la mbao, ndani yake mawe ya shaba kumi na moja,
kila moja katika kitundu chake cha mahameli nyekundu,
kubwa lao kama ngumi, dogo lao kama punje ya hindi.
Boti ya Faza haitazami saa, inatazama maji.
Tumekaa gatini Amu tangu alfajiri
na magodoro, kreti za soda, bati za mtu anayejenga,
na mbuzi mmoja mwenye kiburi.

Bwanaheri, kijana wa injini, akauliza kilichomo.
"Mawe ya kukagulia mizani," nikasema.
"Ya samaki au ya mashairi?
Maana kwetu yuko Shee Famau,
mshororo wake wa tatu una kumi na tisa
na vina vinachechemea. Mshtaki huyo kwanza."
Boti nzima ikacheka. Mbuzi akakohoa.
Nami, mtoto wa milima, mtu wa Wundanyi,
nikacheka nyuma yao kama mwangwi uliochelewa.

Mkanda tuliupita kwa kuubembeleza,
mikoko kushoto, mikoko kulia,
propela ikikoroga tope kama uji wa futari.

Faza, maji yalikuwa yameshaondoka.
Nikakunja suruali, viatu shingoni, sanduku kichwani,
nikatembea juu ya nchi ambayo asubuhi ilikuwa bahari,
kaa wadogo wakinipisha kama afisa.
Juu ya ngazi mwanamke akaniita: "Ndoo!"
Nikatafuta ndoo.
Nikageuka huku, nikageuka kule,
nikaokota kopo la rangi, nikampelekea.
Akalipokea. Akalitazama. Akakaa chini kwa kicheko.
Kumbe kwao ndoo ni njoo,
nami nilikuwa nimeshaitika bila kujua.

Mwanajabu Kombo, mwenye meza ya samaki
kando ya mtambo wa barafu uliokufa.

Mizani saba nilikagua siku ile.
Mbili ziliiba kidogo, wizi wa aibu,
gramu kumi, gramu ishirini,
na wenyewe wakaapa kwamba ni kutu.
Ya Mwanajabu niliiwekea kilo, ikasoma
mia tisa na arobaini.
Nikapuliza sinia. Nikaweka tena.
Mia tisa na arobaini.
Yaani kila anayenunua kilo kwake
huondoka na gramu sitini zisizolipiwa.

"Inakuibia wewe," nilimwambia.
"Najua," akasema, akipara changu,
magamba yakimrukia ushungini.
"Marehemu aliiangusha siku aliyoileta,
pale pale ulipoanza kutafuta ndoo.
Watu wameizoea. Nami nimewazoea watu."

Fomu yangu ina visanduku viwili vya kosa,
vyote viwili vya mwizi.
Nikatafuta cha tatu nyuma ya karatasi.

Sheria ni sheria. Nikatoa bisibisi,
nikazungusha skrubu robo, tena nusu ya robo,
mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri
kama mtoto aliyekemewa.
Nikabandika stika ya mwaka.
Hakusema kitu. Kwa upindo wa leso
akapangusa pale nilipogusa.

Kabla maji hayajarudi nikanunua kilo ya changu.
Mshale ukasimama kwenye moja, wima, halali.
Mwanajabu akanitazama,
akachukua tasi mdogo, akamtupa juu ya wenzake.
Mshale ukaruka.
Yeye hakuusoma.
Nami nikajikuta nasoma ukuta,
tangazo la chanjo, la mwaka juzi.

Leo ni Jumatatu, niko ofisini Mokowe.
Fomu iko mezani. Mstari wa saba,
chini ya neno Dosari, hauna kitu
ila duara la mafuta ya samaki,
na kila nikiinua kalamu
naona limetanuka kidogo.