Faini Si Faini

Mvua ya Tukuyu haikupiga hodi leo.
Imeingia darasani pamoja na watoto,
ndani ya viatu, ndani ya mifuko ya madaftari,
nami nimeandika ubaoni kwa chaki inayolowa:
gudi, naisi, faini, oke.
Nikasema, haya ni maneno ya kuridhika.
Nikasema, maana yao ni moja, yanatofautiana makoti tu.
Nilidanganya, na nilijua.

Lwitiko akanyoosha mkono,
ule wenye kovu la mundu wa kukatia majani ya ng'ombe:
"Mwalimu, faini si ile aliyotozwa baba
alipokata mti wa hifadhi kule mlimani?"
Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nami.
Hapana, Lwitiko, faini hii hailipwi.
Ukiulizwa u hali gani, unajibu faini,
hata kama usiku mbuzi wenu amekufa.
"Basi ni ileile," akasema.
"Unatoa ili wakuache upite."

Sikuwa na dasta ya kufuta jibu hilo.

Oke nayo.
Oke naijua kwa karani wa mzani
pale kituoni tunapopeleka majani ya chai.
Mama anatua kapu, mshale unacheza kwenye kumi na nane,
karani anaandika kumi na sita.
Ni maji ya mvua hayo, mama. Oke?
Hainui macho.
Mama anajikung'uta mgongo: oke.
Oke mbili zimesimama zikitazamana,
na kilo mbili zimepotea katikati yao.

Wakataka naisi. Nikawapa ya mgeni wa mradi
tuliyempikia mbalaga, ndizi na nyama na mafuta ya kutosha.
Kijiko cha kwanza: naisi, naisi sana.
Kijiko cha pili hatukukiona.
Dereva wake, Mkinga mmoja wa Makete, mwenye kofia ya sufu,
hakutamka neno tangu ananawa.
Alipomaliza alipangusa sahani kwa kidole,
akachungulia chungu,
akauliza kama ukoko una mwenyewe.

"Na freshi je?" wakapiga kelele nyuma.
Freshi sikuiandika mimi, wameitoa standi kwa bodaboda.
Kwa bibi yangu freshi ni maziwa ya alfajiri,
yenye povu, hayajaonja kibuyu.
Kwa vijana ni jibu la mambo:
freshi, na tangi ni kavu,
freshi, na tajiri anadai hesabu ya jana na juzi.
Sikuwakatalia.
Nilisema tu, maziwa ni maziwa,
yaacheni mpaka jioni.

Kengele ikalia. Nikabaki na gudi
na rundo la madaftari yanayonuka moshi wa kuni.

La Tuntufye lilikuwa chini kabisa.
Jina lake, kwa lugha ya nyumbani, ni tumsifu,
na tangu Januari kalamu yangu nyekundu
haijamwandikia kitu ila jitahidi.
Jitahidi, jitahidi, kurasa kumi na nne,
kama mtu anayesukuma gari kwenye tope asilolijua dereva.
Leo ameandika sentensi moja,
Kiingereza chake kinachechemea, herufi zimegeuka migongo:
chai ya mama ni gudi siku mama akikaa chini.

Maneno yote kumi, makosa manne.
Niliyahesabu mara mbili.
Kisha nikaandika gudi, kubwa, nyekundu,
na unyevu wa karatasi ukaitawanya pembeni
mpaka ikafanana na kidonda, au ua, sijui.

Alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri.
Akasoma. Akanitazama.
"Mwalimu, hii ni ya karani au ya dereva?"
Ya dereva, nikasema.

Hakushukuru. Alilisukuma daftari chini ya sweta,
akalibana kwa kiwiko, akatoka mbio kwenye mvua.

Kwenye kitabu cha alama
nimemwandikia tisa kwa ishirini.