Jengo la Pili

Ombati alipofariki, mwezi wa tatu,
tulimzika na ramani ya mabomba yote,
ghorofa kumi na moja hapa Upper Hill.
Alilijua jengo kwa kiganja: akigusa ukuta
alikwambia, "Hapa maji. Hapa umeme. Hapa hewa tu."
Hakuandika. Nani angemwomba aandike,
naye yupo kila siku saa moja kasorobo
na chupa yake ya uji?

Mwezi wa nne dari ya ghorofa ya saba ikaanza kulia.
Tukavunja ukuta wa msalani. Mkavu.
Tukavunja wa jikoni. Mkavu.
Tukavunja wa mhasibu, vumbi likatanda juu ya mafaili ya ushuru:
mkavu kama koo la mfungaji saa kumi alasiri.
Na maji yakitucheka mahali,
tone, tone, ndani ya ndoo ya rangi.
Mali bila daftari, tuliimbishwa shuleni.
Hatukudhani bomba nalo ni mali.

Ndipo akaja Nasimiyu na michoro ya mkandarasi, imekula ukungu,
na kifaa cha miguu mitatu
kinachogeuza kichwa polepole kama bundi.
Wiki sita niliwashikia ngazi,
nikawacheka kidogo, nasema kweli:
jengo tunalo, mnalichora la nini?

Sasa lipo la pili.
Linakaa ndani ya kishikwambi, halina vumbi wala mpangaji.
Nagusa ukuta, unakuwa kioo;
nagusa bomba, linataja umri wake,
kipenyo chake, na fundi wa mwisho kulifungua.
Juzi saa nane usiku mlinzi alinipigia:
maji yanateremka ngazi.
Nilikuwa Kayole, kitandani.
Nikalifungua jengo gizani, chini ya blanketi,
nikamwambia: ghorofa ya tisa, chumba cha mitambo,
nyuma ya kabati jekundu, vali ya tatu kutoka kushoto.
Zungusha kulia.
Kimya.
Kisha: "Yamekatika."
Hakuna nyundo iliyotoka sandukuni.

Lakini nisiwadanganye.
Ijumaa lilinionyesha vali mahali penye tofali.
Nikagonga, nikasikiliza, nikaweka kiganja.
Ilikuwa imehamishwa mita moja na nusu
na mtu aliyetaka nafasi ya kuzungusha spana.
Nilimtambua kwa jinsi alivyosokota katani.

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikarekebisha.
Kishikwambi kikauliza: Chanzo cha taarifa?
Nikaandika: Ombati.
Kikauliza: Tarehe?
Nikataka kupaacha wazi, maana nani ajuaye
ni mwaka gani alisimama hapa peke yake, akipiga mluzi?
Kidole kikasita.
Kisha nikakumbuka kuta tatu, na ile ndoo.
Nikaandika ya leo.