Penseli ya Karani

Kasha lilifika na basi la jioni kutoka Mbeya,
plastiki yake imekaza kama ngozi ya ngoma.
Niliigeuzageuza chini ya taa, nikainusa hata.
Miaka kumi na tisa mzanini, Katumba,
ilinifunza: gunia lililoshonwa mara mbili
lina mawe.
Hili halikushonwa mara mbili.
Nikalikata.

Ndani, kitu kidogo kama kibiriti.
Gwamaka, mwanangu, huchora nembo za watu asiowajua
wakamlipa sarafu zisizolia mfukoni.
Alisema: "Mama, hiyo ndiyo pochi.
Ila pesa haimo humo."
Iko wapi basi?
"Humo mna ufunguo tu."
Nikanyamaza. Simu yake ilipoibiwa stendi ya Nane Nane
picha ya maneno yake ya siri ilikuwa humo,
na kabla ng'ombe hawajakamuliwa
malipo ya miezi saba yalikwisha hama.
Hakulia. Alilala siku mbili, uso ukutani.

Sasa kaniomba mimi nitunze.

Namba ya siri kwanza. Si mwaka wa ndoa yangu,
ambao kwaya nzima inaujua.
Kisha kioo kikatoa maneno,
moja, moja, ishirini na manne,
ya Kizungu, yasiyojuana,
kama wageni wa msiba waliokaa benchi moja.
Nje mvua ya Tukuyu, ile isiyo na mwanzo.
Nikachukua penseli. Wino hukimbia ukiona maji;
nimeona kilo za watu
zikigeuka buluu na kuteremka ukurasani.
Penseli hukaa.
Simu nilikuwa nimeifungia chumba cha pili,
kama mtoto mdaku.

Nilipompigia, akasema: "Sasa kifute."
Nikifute?
"Kabla hakijaingia hata senti. Kifute,
halafu kifufue kwa karatasi yako."
Mkono ulitetemeka
kuliko siku wakaguzi walipofungua daftari langu.
Kikawa kitupu.
Nikakilisha maneno yake, moja, moja,
na kwenye la kumi na saba kikakataa.
Nilikuwa nimekosea kuandika. Mimi, karani.
Usiku ule hakukuwa na cha kupotea
ila usingizi: maneno mapya, karatasi mpya,
ile ya kwanza nikaitia jikoni, nikaingoja hadi jivu.
Mara ya pili kikaamka.

Lakini karatasi, huku kwetu, huota ukungu.
Fundi Ambilikile wa mageti aliniazima
mihuri ya herufi, nyundo, na kibamba cha chuma.
Akataka kunisaidia kugonga.
Nilimpa chai, nikamsifia mageti yake,
nikamsindikiza hadi barabarani.
Niligonga mwenyewe, mvua ikipiga bati
kwa kelele kuliko yangu.

Wiki haikuisha. Kijana, sauti ya asali:
"Mama, sisi ndio wenye pochi. Kuna hitilafu.
Tusomee yale maneno, tuokoe pesa yako."
Nikamwambia ashike kalamu.
"Anyosisye, kilo kumi na nne.
Tupokigwe, kilo tisa, majani yamelowa.
Lugano, kilo thelathini,
gunia limeshonwa mara mbili…"
Aliandika hadi jina la sita,
nilimsikia akiandika,
ndipo akanikatia.

Kibamba kipo. Sisemi wapi, hata humu.
Binti yangu Suma anajua mahali,
hajui ni kitu gani.
Gwamaka anajua ni kitu gani,
hajui mahali.
Siku nikiondoka
itabidi wakae meza moja, hao wawili,
ambao tangu tumzike baba yao
hawajapeana hata salamu.
Mmoja atalazimika kuanza.