Fundi Mizani wa Mwaloni

Shuleni Nsumba mwalimu alituambia
mizani ni hesabu ya silabi,
nane huku, nane kule,
na shairi linalopungukiwa ni guni.

Nikaja Mwaloni Kirumba, nikakuta mizani nyingine
imening'inia kwenye boriti, ina kutu,
na mama mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nyavu,
anaifokea kama mtoto mtoro.

Nyanzobe Lugembe. Hakuniuliza jina.
Alinipa jiwe la kilo moja, la shaba,
akasema: Shika.
Nikashika.
Asubuhi nzima, mkono huu, kisha huu,
magunia ya dagaa yakipita, Wakongo wakibishana bei,
korongo wakitembea juu ya mabati kama mabwana afya.
Saa saba akaniwekea tonge la ugali kiganjani.
Hii gramu ngapi?
Sijui, mama.
Vizuri. Kula. Kesho uje.

Miezi minne sikufungua hata skrubu.
Nilifagia magamba, nilipaka grisi,
nikajifunza kwamba springi haiharibiwi
na mzigo mkubwa wa siku moja;
huilegeza kamzigo kadogo
kasikoshushwa usiku.
Ndiyo maana nikifunga kibanda
natundua ndoano zote, alisema.
Na wewe ukienda kulala, tundua.
Hakufafanua. Aliomba bisibisi.

Siku moja akaja tajiri Mafuru, wa sangara,
viatu vyeupe katikati ya tope la samaki.
Alitaka ile ya kununulia ikazwe kidogo,
kidogo tu, mama, nani atajua.
Akatoa noti, nyingi, mpya, zimefungwa mpira.
Mama Nyanzobe alizichukua
(mimi moyo ukanidondoka)
akaziweka juu ya sahani ya mizani.
Tukautazama mshale, sote watatu.
Unaona? akasema. Hata haujashtuka.

Mafuru akaondoka na wateja wake kumi na moja.
Mwezi ule tulikula dagaa waliovunjika vichwa.

Nilimsifu. Hapo ndipo alipokasirika.
Akaivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kitenge,
akaivaa chafu vilevile.
Mwaka mwanangu alipolazwa Bugando, alisema,
nilikaza springi ya mtu.
Gramu hamsini kila kilo, miezi miwili.
Unamwona Bwire, anayeleta sato kutoka Igombe?
Zilikuwa zake.
Mizani yake simtozi hadi leo.
Yeye hudhani ni ukarimu. Hunipa na kitoweo.

Nikauliza, kwa nini usimwambie?
Alinyamaza mpaka mashine ya barafu ikazimwa.
Kisha akasema: Hiyo sijaweza kuitengeneza.

Jiwe lile la shaba lina pengo ukingoni,
liliwahi kuanguka kwenye saruji.
Amelifunga sarafu ya zamani kwa utepe mweusi,
kufidia.
Fundi mwingine angelitupa.
Kupungua si tatizo, alisema,
tatizo ni kutojua limepungua ngapi.

Mikono ilipoanza kutetemeka
bintiye akaja kumchukua, waende Ukerewe.
Alibeba ndoo moja, godoro, redio isiyosema.
Kwenye ngazi ya meli akageuka, nikadhani ataniaga.
Ile ya mama Sayi, akapaza sauti,
usiirudishe kabla hajalipa!

Nimemtungia ubeti, kwa sheria za Nsumba,
nikihesabu kwa vidole vyenye grisi.
Mshororo wa mwisho umepungua silabi moja.
Naijua ni ipi. Nimeiacha.

Meli iliacha gati, nikabaki ufukweni,
Jiwe liko kwenye shati, lanivuta kifuani,
Hukunipa cheti, hati, wala neno la thamani,
Kila nikifunga bati, natundua ndoano.