Bambo

Mama yangu aliuza mahindi Kibaigwa miaka kumi na saba
na hakuna mnunuzi aliyewahi kumshika uongo.
Juu ya gunia aliweka punje kubwa, nyeupe, zilizopepetwa mara mbili;
chini zililala zile zilizoguswa na dumuzi.
"Sijasema zote ni safi," alikuwa akisema usiku,
akihesabu noti kwa mwanga wa simu.
"Nimefungua mdomo wa gunia, basi.
Macho ni yao."

Mimi nauza barua.
Meza yangu iko nyuma ya mizani ya soko,
kati ya fundi viatu na binti anayechaji simu.
Barua ya posa elfu mbili, ya mkopo elfu tatu,
ya shauri la ardhi tunaelewana.

Mwezi wa tatu akaja Damari, mjane wa Pandambili.
Akasimulia kama watu wanavyosimulia,
akianzia katikati, akirudi, akikohoa, akilaani bei ya sukari.
Ekari mbili zimemegwa. Jirani amelima
hadi miguuni pa kaburi la mumewe.

Nikamsikiliza. Kisha nikafanya kazi yangu.

Sikuanza na ekari. Nilianza na jembe,
jembe la marehemu, mpini umelainika mahali pa viganja,
limeegemea ukuta uleule tangu mazishi.
Nikaandika: Mwaka ule mvua ilinyesha.
Nikashuka mistari minne, nikaandika tena: Mwaka ule mvua ilinyesha.
Mara ya tatu nikaandika Mwaka ule,
nikatia nukta tatu, nikaacha karatasi nyeupe
ili wajumbe wausikie ukame wenyewe.
Jina la jirani nililificha hadi mstari wa mwisho,
likatoka peke yake, bila bwana, bila ndugu,
kama panya aliyemulikwa tochi ghalani.

Wanasema karani wa baraza la kata alisoma kwa sauti,
akafika kwenye zile nukta, akavua miwani.
Shamba likarudi.
Damari akaniletea mlenda mkavu na kibaba cha karanga.

Ijumaa iliyofuata mzee mmoja akavuta kigoda changu.
Akakaa kimya. Akaweka elfu tano mezani,
akainyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi.
"Niandikie," akasema, "kama ulivyoniandika."

Yoeli Chidong'oi.

(Umeona? Nawe nimekuchelewesha.
Mkono ukishazoea haupumziki.)

Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za minyaa,
minyaa saba aliyopanda baba yake mpakani,
sita imekauka, mmoja bado unatoa utomvu.
Nilikuwa nimesikia. Damari aliitaja,
mahali fulani kati ya kikohozi na sukari.
Haikuingia kwenye barua; ingevunja mwendo.
Sikuandika uongo hata neno moja.
Nilifungua mdomo wa gunia, basi.

Nyuma yangu mizani ikagonga,
mtu akaita kilo, mwingine akabisha,
na kijana wa tajiri akapita katikati ya magunia
na bambo lake, chuma chenye ncha na tumbo wazi.
Hakugusa mdomo wa gunia hata moja.
Alichoma ubavuni, chini kabisa, akavuta,
akamimina kiganjani alichokikuta
akakitazama muda mrefu kuliko tunavyotazama barua.

Nilimwandikia mzee. Sitakwambia nilianza na nini,
na minyaa au na kile kiganja.
Nakwambia tu kwamba katika ile elfu tano
nilimrudishia elfu tatu,
na usiku ule sikula.

Najua umeanza kunihurumia.
Hapo hapo.
Choma.