Rula ya Karatasi

Zahanati yetu ya Kariobangi haina jina kubwa.
Ina chumba namba saba, dirisha limeelekea jua kali,
ambako mafundi huponda mabati tangu saa mbili,
na mgonjwa akipiga yowe, nje hawajui ni bati au ni mtu.

Miaka kumi na tisa nafungua bandeji humu.
Nilifundishwa hivi: vuta mara moja, usizubae,
mimina dawa ya povu,
na povu likichemka mwambie, "Inaua vijidudu."
Iliviua. Ikaua na nyama changa
iliyokuwa imeanza kuja, nyekundu, yenye chembechembe.
Sikujua.
Au nilijua, nikatazama foleni.

Jumanne na Ijumaa huja Mzee Muthiani,
bawabu wa zamani wa ghala la saruji.
Sukari ilimla hisia za nyayo.
Msumari ulipenya buti, akakesha nao lindoni,
akajua asubuhi, alipovua soksi.
Miezi kumi na minne sasa.
Majirani wa ploti wanaliita donda ndugu,
naye hucheka: "Ndugu gani huyu,
anakula kwangu na hataki kuhama?"

Nami daftarini, kila ziara:
*Kidonda kimesafishwa. Kinaendelea vizuri.*

Mwezi wa tatu tukaletewa mwanafunzi, Jerotich,
mwembamba, mpole, mwenye maswali.
"Sista Mghoi, wiki jana kilikuwa na ukubwa gani?"
"Kama shilingi ishirini."
"Ishirini ya zamani, au hii mpya?"
Nikatafuta jibu kwenye trei ya vyombo.

Akatoa rula ya karatasi,
amezitoa nakala dukani, shilingi tano moja.
Akapima urefu, akapima upana,
akaandika rangi, harufu, na kingo zilivyo.
Kisha akaikumbatia chupa ya maji ya chumvi
mpaka ubaridi ukaisha,
akailowesha shashi, akangoja.
Akangoja! Watu ishirini na watatu benchini,
na mtoto huyu ameketi, mikono magotini.
Shashi ikaachia yenyewe,
bila tone la damu.

Bi. Kemunto ndiye aliyeniumbua.
Mafuta ya chapati yalimchoma mkono hadi kiwikoni,
na kila nikimgusa alikuwa akiuma leso.
Siku hiyo Jerotich alimpa vidonge viwili mapema,
nusu saa kabla, kitu ambacho tunacho kabatini,
ambacho tumekuwa nacho siku zote.
Leso ikabaki begani.
Akazungumzia bei ya unga. Akamsengenya shemeji yake.
Nikasimama na koleo mkononi,
nikihesabu ni wangapi nimewatonesha
kwa mkono huu uliotumwa kuponya.

Fundi viatu wa mlangoni alitusaidia kwa Mzee:
akala mpya, sponji ya godoro juu yake,
na shimo pale kidonda kinapokanyaga,
uzito upite kando.

Sita kwa nne.
Tano na nusu kwa nne.
Tano na nusu kwa nne (wiki ya mvua, bandeji ililowa).
Sita kwa nne. Jerotich hakufuta. "Andika tu, Sista,
namba mbaya nayo ni habari."
Nne kwa tatu.
Shashi ziliisha siku tisa, tukachangishana.
Mbili na nusu kwa mbili.

Jerotich amekwisha kwenda, yuko mwaka wa mwisho.
Rula zimebaki kwenye droo, nazo nimeongeza.

Jana, chumba kikiwa kimya, nikafungua daftari la zamani.
Peninah Oluoch, muuza mkaa, goti la kushoto.
Ziara kumi na moja, mwandiko wangu,
kisha rufaa, kisha kukatwa.
Nikamtafuta mule ndani: kilikuwa kikubwa kiasi gani?
Kilianza kuharibika wiki gani?
Mara kumi na moja nimeandika *vizuri*.