Masizi ya Kogo Yeko

Bodaboda zilituacha pale lami inapoishia, juu ya Kapsokwony.
Tukalipa, tukafunga upya kamba za viatu.
Chepkwemoi alikuwa ametutangulia,
panga kwapani, gambuti za kijani miguuni,
akatutazama kama mtu anayepima magunia:
"Huyu atafika. Huyu atafika.
Wewe, mwalimu, tutaona."

Njia ilianza kwa upole, kati ya vitunguu na viazi,
ikabisha hodi kila boma, ikavuka kijito kwa gogo moja,
kisha ikachoka kuwa na adabu
ikasimama wima.

Nilihesabu pumzi. Nilihesabu mipodo.
Nilisingizia daftari: kila kifua kilipowaka
nilisema ngoja kidogo, nataka kuandika.
"Andika," alisema bila kugeuka,
"mlima huu haupandwi kwa mdomo.
Andika pia bei ya kitunguu imeanguka
na dalali amenunua gari."
Nikaandika.

Nyuma yetu nchi ilikuwa imefunguka bila kutuambia.
Bungoma yote chini, mabati yakimeta hapa na pale
kama sarafu za mfuko uliotoboka,
na mbali kabisa moshi wa kinu cha miwa,
mmoja, umesimama, hauna haraka.

Kinyesi cha tembo, kikavu, kimeota uyoga.
"Wa juzi," alisema.
Tukanyamaza wote, hata Barasa anayeongea usingizini.

Pango halikuwa na mlango, lilikuwa na maji:
uzi kwa uzi yakidondoka ukingoni
mpaka ukapita katikati yake ukaloa bega.
Ndani, harufu ya popo, na chumvi,
na kitu cha tatu ambacho sikukijua jina.
Kurunzi ikaonyesha makovu ukutani,
mapana ya pembe za tembo,
na chini yake mengine, membamba, ya chuma.
"Hawa na wale," alisema,
"walikuja kwa njaa moja ya chumvi."

Akawaeleza wenzangu yale ya kila siku
kwa sauti ya kazi: kina, upana, popo.
Mimi nilibaki nyuma nikitazama dari.
Ilikuwa nyeusi, lakini si kwa giza.
Ule weusi wa jikoni,
unaong'aa kidogo, kama mgongo wa sufuria.

"Moshi wa nani huu?"

Sauti ya kazi ikamtoka.
"Wa kwetu. Kogo Yeko alizaliwa hapo unapokanyaga."
Nikaondoa mguu.

"Ng'ombe kule, mbuzi huku, watoto katikati
wakipashwa moto na pumzi za wanyama.
Kisha serikali ya wazungu ikasema mtu hakai pangoni,
tokeni muhesabiwe, mlipe kodi ya nyumba.
Basi wakatoka, wakajenga nyumba
ili wawe na kitu cha kulipia.
Alipozeeka tulimwekea mabati.
Mvua ikinyesha alikuwa anaziba masikio:
mwamba, anasema, haukuwahi kunipigia kelele."

Akanyoosha mkono pale dari inapoinama,
akakwangua kwa ukucha,
akanipaka kwenye kidole gumba.
"Hiyo usiandike."

Sikuandika. Daftari langu la siku ile
lina mipodo kumi na tisa, dalali, uyoga,
na ukurasa mmoja mtupu.

Kushuka ni habari ya magoti, nayaacha yajisemee.

Usiku, Kakamega, umeme ulikuwa umekatika.
Nikapapasa ukuta kutafuta kiberiti
na asubuhi nikaona alama, ya kidole kimoja, kando ya mlango.
Sabuni nilikuwa nayo. Sikuigusa.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaja kuchukua kodi yake.
Alihesabu noti mara mbili, akainua macho:
"Mwalimu, haya masizi ya nini,
na wewe unapikia gesi?"